Binti Kivu na Pua ya Velma

Sehemu ya tisa

Velma alivuta pumzi mara ya pili. Patupu. Angeingiza pua ndani ya glasi ya maji angepata zaidi.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita: kwenye ujia wa hoteli moja ya Maple Grove, mtungi wa kioo mkononi, kifuniko kwapani, na ile pua yake inayosifiwa kutoka Blaine hadi Saint Paul imezimika ghafla.

Wewe unayejiunga nasi leo, yashike haya upesi. Velma Chelang'at ni binti wa muonjaji chai wa Kericho. Pua aliyorithi kwa baba yake ndiyo inayomlisha katika kampuni ndogo ya kukuza bangi huko Blaine, kazi ambayo sheria ya Minnesota siku hizi inairuhusu. Yeye havuti. Hajavuta hata siku moja. Kazi yake ni kunusa, kushika, kutazama, kisha kusema hii iende dukani na hii irudi. Na nyuma ya mlango ule wa hoteli walikuwa wameketi wanunuzi wa maduka kumi na manne, waliokuja kuchagua chotara moja tu, mmea wa mama na baba wa aina tofauti, ya kuuza mwaka mzima.

Kampuni ya Velma ilikuwa na chotara moja ya kuonyesha. Jina lake Binti Kivu.

"Dada Velma, umepauka. Iko nini?"

Aliyeuliza ni Papa Murhula, mtu wa Bukavu, miaka hamsini na miwili, mikono mipana na sauti ya chini. Ujanani alitunza miti ya kwinini. Uzeeni, huku kwenye theluji, alikaa miaka mitatu akiozesha mche huu kwa ule, akitupa watoto wao mmoja baada ya mwingine, mpaka akampata aliyemridhisha. Binti Kivu alikuwa wake.

"Papa, sisikii kitu."

"Masikio?"

"Pua! Niko na homa. Imeziba kabisa, ka-kabisa!" Akapiga chafya iliyotikisa mtungi.

Papa Murhula hakupoteza dakika. Alitoa mfukoni kichupa cha pilipili anachotembea nacho kila mahali, kwa kuwa chakula cha Wamarekani, anasema, hakina neno la kumwambia mtu. "Lamba."

Velma akalamba. Machozi yakamtoka. Midomo ikawaka moto. Masikio yakazibuka, jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Pua ilibaki pale pale, kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu.

"Sasa?"

"Sasa niko na homa na ninaungua."

Mlango ukafunguka. Bi. Lindquist, mwenye kampuni, alitoa kichwa. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na siku hiyo uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake.

"Dakika mbili," alisema. "Na kuna jambo. Harrison yumo ndani."

Mtungi nusura uanguke.

* * *

Harrison! Wasomaji wetu wa tangu mwanzo mnamjua. Kwa wengine inatosha kusema kwamba miezi sita iliyopita alikuwa muuzaji wa kampuni hii hii, kijana wa Nakuru mwenye koti la bei na maneno ya bei, na kila Jumapili alimpeleka Velma kula nyama choma. Mwezi Agosti akaacha kazi kwa ujumbe wa simu. Akamwacha na Velma kwa ujumbe huo huo. Mistari miwili: mmoja wa kazi, mmoja wa Velma.

Sasa, walipoingia ukumbini, alikuwa amesimama mbele ya wanunuzi kwa niaba ya kampuni nyingine, mtungi mkononi, anang'aa.

"Mabibi na mabwana," alikuwa akisema, "nawaletea Bluu ya Kaskazini. Mama yake ni mfupi, majani mapana, yule wa kulegeza mwili. Baba yake ni mrefu, majani membamba, yule wa kuchangamsha kichwa. Mtoto amechukua kwa wote wawili. Jioni mwili unatulia, lakini akili inabaki macho. Utacheka na wenzako, hutalala kwenye sofa."

Wanunuzi wakacheka.

"Harufu yake inaanza na limau. Kisha pilipili manga. Mwisho, ukingoja kidogo, pera lililoiva. Anachanua kwa wiki tisa. Chumba kikipoa, kingo za majani zinageuka zambarau."

Papa Murhula alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokipapasa.

"Dada Velma," alinong'ona. "Ile ni mutoto wangu."

"Najua, Papa."

"Hata maneno ni yangu. Limau, pilipili, pera. Niliandika miye, kwa daftari."

Velma hakungoja kuitwa. "Hiyo si Bluu ya kitu chochote!" alisema kwa sauti iliyojaa mafua. "Hiyo ni Binti Kivu. Amezaliwa Blaine, mikononi mwa mzee huyu!"

Vichwa vikageuka. Mbele kabisa alikaa Bi. Tollefson, bibi wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe pe, buti za theluji bado miguuni. Maduka sita kati ya yale kumi na manne ni yake. Yeye akitikisa kichwa, wengine hutikisa.

"Kampuni mbili, mmea mmoja," alisema polepole. "Mmoja wenu anatudanganya. Nitajuaje?"

Harrison alimtazama Velma. Akaitazama pua yake nyekundu. Akaitazama leso iliyojikunja kiganjani mwake. Na msomaji, huyo kijana ana kila kasoro lakini si mjinga. Akatabasamu.

"Rahisi sana," alisema. "Kila mtu humu anaijua pua ya Velma. Mfungeni macho. Wekeni sahani tano. Tatu muweke mnachotaka, mbili ziwe chotara yangu na yao. Akizitambua kwa pua, mimi nanyamaza. Akishindwa, wao wafunge virago."

"Ni haki," alisema Bi. Tollefson.

"Ni haki," walisema wengine.

Harrison akapita karibu na Velma, akainama. "Pole na homa, mrembo," alisema taratibu. "Umeji-expose mwenyewe."

* * *

Kitambaa kikafungwa. Giza. Velma akasikia sahani zikigusa meza, moja, mbili, hadi tano.

Angeweza kusema ukweli. Angeweza kusema, jamani niko mgonjwa, tukutane wiki ijayo. Lakini wiki ijayo wanunuzi wangekuwa wameshasaini, na Papa Murhula angerudi Blaine kumwagilia mtoto mwenye jina la mtu mwingine.

Akainua sahani ya kwanza. Akaipeleka puani kwa ajili ya watazamaji. Hakuna kitu. Akainama zaidi. Hakuna.

"Chukua muda wako," alisema Harrison, mtamu kama asali.

Ndipo Velma akaacha kunusa.

Baba yake alikuwa na siku kama hizi. Kericho kuna baridi na ukungu, na muonjaji naye ni mtu, hushikwa na mafua. Siku hizo Mzee alikuwa anachukua chai kavu kiganjani, anafumba macho na kuibonyeza. Aliisikiliza. Velma alikuwa akisimama mlangoni na sare ya shule, akimwona baba yake anatega sikio kwenye ngumi yake mwenyewe, na alikuwa anaona aibu. Leo hakuona aibu.

Aliingiza vidole sahanini.

Sahani ya kwanza: kichwa cha ua kilichokaushwa, chepesi, kirefu, chenye mianya. Ukikibonyeza kinasinyaa. Huyu ni wa ukoo wa warefu, hana hata tone la mama mfupi. Akakirudisha.

Ya pili: kigumu kama kokoto, kizito, kimekaukia kwenye mfuko. Mkononi hakuna utomvu. Huyu ni mzee wa ghala.

Ya tatu.

Vidole vilisimama. Kilikuwa kimeshikana, lakini kikibonyezwa kinasinyaa kidogo kisha kinarudi, kama mkate uliotoka sasa hivi. Utomvu ulimshika kidole gumba hata alipokiinua sahani ikataka kufuata. Akatafuta kikonyo, akakikunja karibu na sikio. *Ta.* Kikavunjika nusu, kikasita. *Ta.* Kikamalizika.

Mara mbili. Binti Kivu huvunjika mara mbili, kwa kuwa nyuzi za baba yake mrefu hung'ang'ania baada ya ganda la mama kukatika. Papa Murhula alimwonyesha jambo hilo siku ya kwanza, akacheka mwenyewe, akasema mtoto huyu hata kufa anabishana.

"Hii," alisema Velma. "Ya tatu."

Mtu akakohoa. Ya nne ilikuwa ya unga unga, akaipita. Ya tano akaikunja sikioni. *Ta. Ta.*

"Na hii. Ya tatu na ya tano ni mmea mmoja. Si ndugu. Mmoja."

Kelele zikalipuka ukumbini. Bi. Lindquist alipiga meza. Velma alipojaribu kuvua kitambaa, sauti ya Harrison ilimkatiza.

"Sawa! Sawa, amezipata. Sijakataa ni mmea mmoja. Ni mmoja kwa sababu wao wameuchukua kwangu! Hiyo ya tatu ni yangu. Anaweza kuthibitisha nani ni mzazi? Kwa pua?"

Na hapo, msomaji, kijana alikuwa amesema kweli. Kujua mtoto si kujua baba yake.

* * *

Velma alibaki amefungwa macho, vidole bado kwenye sahani ya tatu. Alikuwa akikiminya tu kile kichwa, anazungusha, anaminya, kama mtu anayechezea kifungo cha shati akiwaza.

Kitu kigumu kikamgusa kucha.

Kidogo. Cha mviringo. Akakichimbua kwa ukucha mpaka kikatoka, akakiviringisha kati ya vidole viwili.

Ilikuwa mbegu.

Sasa nikueleze upesi. Vichwa vinavyouzwa dukani ni vya majike ambao hawajachavushwa. Havina mbegu. Mbegu ikionekana, dume limeingia chumbani, au jike mwenyewe ameamua kutoa maua ya kiume. Na Binti Kivu, pamoja na uzuri wake wote, ana kasoro hiyo hasa. Wiki ya tano, mwanga ukimpenya usiku, hata mwanga wa taa ndogo ya saa, anaota vimaua vya kiume na kujichavusha mwenyewe. Papa Murhula aliligundua hilo mwezi Oktoba. Akaziba kila tundu la chumba kwa gundi nyeusi, na tangu siku hiyo hajapata mbegu hata moja.

Oktoba! Na Harrison aliondoka Agosti.

Lakini kusema hilo ni kumvua mtoto nguo mbele ya wachumba. Nani atanunua chotara yenye kasoro?

"Papa Murhula," aliita kwa Kiswahili, uso ukiwa bado gizani. "Nimeshika mbegu. Niseme?"

Alisikia kiti kikisukumwa nyuma. Alisikia hatua nzito zikija.

"Hapana, dada," alisema Papa Murhula. "Nitasema miye."

Akamvua kitambaa kwa mkono wake. Akaichukua ile mbegu, akaiweka mezani mbele ya Bi. Tollefson, na kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno moja moja akasema:

"Mama, mtoto wangu ana kasoro. Akiona mwanga usiku, wiki ya tano, anajizalia mbegu. Mimi ninajua, kwa hiyo ninamfunika. Muulize huyu kijana anamfunikaje."

Bi. Tollefson alimgeukia Harrison. "Unamfunikaje?"

"Sisi..." alisema Harrison. "Mmea wetu hauna kasoro yoyote."

"Basi hii imetoka wapi?"

Harrison aliitazama ile mbegu. Kakitu kadogo, ka kahawia, kenye michirizi.

Mnunuzi mmoja aliinuka, akachukua sahani ya tatu, akapasua kichwa kingine. Mbegu mbili. Akapasua cha sahani ya tano. Safi.

"Miaka kumi nanunua mimea," alisema Bi. Tollefson, akivaa miwani yake. "Huko kwenye mboga, huko kwenye maua ya bustani, na sasa huku. Hajawahi kuja mkulima akaniambia kasoro kabla sijanunua. Leteni mkataba. Jina ni Binti Kivu, na mzazi aandikwe huyu mzee."

Bi. Lindquist alimkumbatia Velma, akakumbatia na kiti. Papa Murhula alisimama tu. Alimshika Velma bega na kulibana, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Hadithi ingeishia hapo, tungeenda zetu nyumbani. Lakini Harrison alikuwa bado hajaketi.

* * *

"Kabla hamjasaini!" alisema, sauti imerudi. "Mnaniita mwizi. Sawa. Mwizi huvunja mlango. Mimi sikuvunja mlango. Nilipewa."

"Nani akupe?" alifoka Velma. "Mche mama unaokatwa matawi ya kupanda uko nyumbani kwa Papa Murhula, chumba cha chini ya nyumba, kimefungwa, ule aliouanzisha mwenyewe kama sheria inavyomruhusu. Ufunguo anao yeye!"

"Yeye peke yake?" aliuliza Harrison.

Papa Murhula alianza kujibu, akasita. Velma aliona kitu kikipita usoni mwake, kama wingu likipita juu ya uwanja.

Harrison alikuwa ameshatoa simu. Aliibonyeza, akaiweka juu ya meza kati ya sahani, sauti ikiwa wazi kwa wote. Ikalia mara moja. Mara mbili.

"Alo? Harrison, mwanangu!" Sauti ya mwanamke, ya furaha, na nyuma yake watu wengi wakizungumza na vikombe vikigongana. "Bwana asifiwe!"

Uso wa Papa Murhula ukabadilika rangi. Sauti hiyo ameamka nayo miaka ishirini na sita.

"Amina, Mama Vestine," alisema Harrison, macho hayatoki kwa mzee. "Nakusalimia tu. Na yale matawi ya maua uliyonipa Agosti, nakushukuru tena."

"Ah, maua! Si kitu, mwanangu. Papa iko nayo mingi kule chini, anaifungia kama watoto wa mufalme. Nikiingia kufagia, nikakata tu kidogo. Maua ni ya kupeana!"

Ukumbi haukuelewa neno. Velma alielewa yote. Mama Vestine, shemasi wa kanisa la New Hope, hakuambiwa! Miaka mitatu mume wake alimwambia analima maua, na hakusema uongo, kwa kuwa wenye kazi hiyo huviita vichwa vile maua. Alichoacha kusema ni maua ya nini.

Papa Murhula alisogea mezani. Akainama juu ya simu.

"Vestine," alisema. "Ni miye."

"Papa! Uko na Harrison? Basi vizuri, nilitaka kukupigia." Sauti ikashuka kidogo, ikawa ya siri. "Unajua sikumupa Harrison tu. Ingine nilileta hapa kanisani, nikaiweka kwa dirisha kubwa, ile inaangalia barabara. Imekuwa mukubwa, Papa! Imechanua, inanukia kanisa yote. Pasta ameipenda sana."

Velma aliijua sheria: mche kama huo hukaa nyumbani kwa mwenyewe, umefungiwa, mbali na macho ya watu.

"Sasa leo ni ile siku ya kukaribisha majirani," aliendelea Mama Vestine. "Tuko na chai na mandazi. Na polisi wamekuja kusalimia, wawili, wazuri sana. Mumoja amesimama kwa dirisha tangu saa ile, anainusa, anaangalia majani, anainusa tena. Ameuliza ni ya nani. Pasta ameniita nijibu."

Kikombe kiligongana na kikombe. Mtu alisema kitu kwa Kiingereza, karibu sana na simu, sauti ya mwanaume.

"Anakuja huku, Papa. Nimujibu nini?"